Tenisi ya vibao kichochoroni: namna ya kuianzisha kwa njia aliyopita Althea Gibson

Mimi ni fundi seremala. Kazi yangu ni milango na vitanda, na karakana yangu iko Malindi, mtaa wa Shela, karibu na bahari. Kabla ya useremala nilifanya kazi miaka sita katika hoteli moja ya ufuoni, nikitunza viwanja viwili vya tenisi: kumwagia murram maji alfajiri, kuisawazisha, kuchora mistari kwa chokaa na kuokota mipira. Huko ndiko niliposikia jina la Althea Gibson mara ya kwanza. Alinitajia mgeni mmoja, bibi wa Kiingereza wa umri mkubwa, aliyependa kukaa kwenye benchi nikifagia. Akaniambia kwamba mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, alianza mchezo barabarani, mbele ya nyumba yao, kwa kibao cha mbao. Nilikuwa kijana, nikadhani ananipa moyo tu.

Miaka mingi ikapita. Siku moja mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, wasichana nao hucheza tenisi?" Nikamwambia alitafute jina lile kwenye simu. Tukaiona picha ya mwaka 1957: Malkia Elizabeth wa Uingereza anamkabidhi sahani ya fedha mwanamke mrefu, mweusi. Tukasoma usiku ule mpaka chaji ikaisha. Tangu hapo ni miaka mitano, nimekata vibao zaidi ya arobaini, vya kupigia mpira badala ya raketi za nyuzi, na Alhamisi na Ijumaa, madrasa zikiwa zimefungwa, kichochoro cha nyuma ya karakana kinajaa wasichana wa miaka minane hadi kumi na minne. Watu wa mitaa ya Barani na Ngala wamekuja kuuliza wafanyeje kwao. Nimeona niandike, maana kila nikieleza kwa mdomo husahau kitu, na mara nyingi ninachosahau si cha mbao, ni cha watu.

Mahali

Usianze na vibao. Nilianza na vibao mimi, nikakaa navyo miezi miwili vikining'inia ukutani kwa kukosa pa kuchezea.

Althea alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 mahali panapoitwa Silver, South Carolina, kusini mwa Marekani, kwa wazazi waliolima pamba kwenye shamba la mtu. Mwaka 1930 familia ikahamia Harlem, New York. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa 143, na bahati yake ikawa hapo hapo: kipande kile cha barabara kilikuwa kinafungwa mchana, magari hayapiti, ili watoto wacheze. Chama cha michezo cha polisi, Police Athletic League, ndicho kilichokisimamia. Watoto walicheza tenisi ya vibao, na mwaka 1939, akiwa na miaka kumi na miwili, Althea akawa bingwa wa wanawake wa mchezo huo katika jiji zima la New York. Mwanzo wa yote ni kwamba kuna mtu mzima aliyekubali kufunga barabara.

Basi tafuta barabara yako. Ukiwa na kichochoro kisicho na mlango wa pili, umefika. Kama kinapitika, fanya nilivyofanya: nenda kwa mzee wa mtaa kwanza, kisha kwa vijana wa bodaboda, kisha kwa kila mama anayeuza chakula hapo. Vijana wa bodaboda walikubali siku ile ile baada ya kuwaomba saa moja na robo tu, kutoka baada ya sala ya Alasiri mpaka watu wanapoanza kujiandaa kwa Magharibi. Aliyenihangaisha ni dada wa viazi karai, na alikuwa na haki, kwa sababu mpira ukitumbukia kwenye karai la mafuta moto mtoto huungua. Tulimhamishia meza yake upande wa nyuma ya ukuta, nikamtengenezea na kibanda cha mabati cha kukinga upepo. Mlipe anayesogea. Usimwambie asogee kwa ajili ya watoto halafu ukaondoka.

Ardhi iwe ngumu. Mchanga wa Malindi ni mzuri kwa miguu, lakini mpira haudundi juu yake. Sakafu ya saruji ni bora. Murram iliyoshindiliwa na kumwagiwa maji siku tatu mfululizo inafaa. Kupima ni rahisi: dondosha mpira kutoka usawa wa kidevu chako; usiporudi walau mpaka gotini, tafuta pengine au shindilia tena.

Ukubwa wa uwanja wa watoto ni mita 11 kwa mita 5 na nusu. Wazee wetu wangesema pima sita kwa pima tatu, na kweli kamba ya mvuvi yenye mafundo ya pima itakutosha, huhitaji futi ya chuma. Kona ziwe kona kweli: pima futi tatu upande mmoja, futi nne upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili pawe futi tano. Ukiweza, laza uwanja uelekee kaskazini na kusini, la sivyo jua la jioni litakuwa linamchoma macho anayetazama bara. Ukuta mrefu upande wa baharini utakusaidia sana wakati wa kusi. Mwezi wa Julai mpira mwepesi hauendi unakopigwa, unakwenda upepo unakotaka.

Wavu sina mengi. Kipande cha jarife kuukuu kutoka kwa wavuvi, kilichokunjwa mara mbili ili matundu yazibe, na juu yake utepe wa kitambaa cheupe. Changu nimekichana kutoka kanzu iliyotoboka. Kimo sentimita 80 katikati. Nguzo ni pau mbili za mkoko, kila moja imesimikwa kwenye debe la saruji, ili jioni uziburute pembeni na bodaboda zipite.

Kibao

Hapa naomba uvumilivu, maana hii ndiyo kazi yangu.

Tumia plaiwudi ya milimita 9, ile yenye tabaka nyingi nyembamba. Iliyo na tabaka tatu tu hupasuka shingoni katika wiki ya kwanza. Chora umbo kwenye kadibodi: urefu wote inchi 16, kichwa inchi 8 kwa upana, mpini inchi 5, na shingo iliyoteremka taratibu kama ya chupa. Usikate shingo kwa kona kali, kona ndiyo inayoita ufa. Nyuzi za tabaka la juu ziende kwa urefu, kutoka kichwani kwenda mpinini. Ubao mmoja wa futi nane kwa nne hutoa vibao ishirini na vitano bila kubana. Ukipishanisha vichwa na mipini utapata zaidi.

Kata kwa msumeno mwembamba, kisha lainisha ukingo kwa tupa halafu msasa. Toboa kichwani mashimo kumi na mawili ya milimita 10, yasisogeleane na yasikaribie ukingo. Mashimo yanapunguza uzito na yanapitisha upepo. Mpini ubandike pande zote mbili kwa vipande vya mwembe vya unene wa sentimita moja, gundi ya mbao na misumari midogo miwili, ubane usiku kucha. Asubuhi uchonge mpaka uwe na umbo la yai, usiwe wa duara kamili, kwa sababu mkono unapaswa kujua upande wa kibao bila macho kutazama. Kisha uzungushie utepe wa tyubu ya baiskeli uliokatwa upana wa kidole.

Mpini unene wake uende na mkono wa mtoto mwenyewe. Mwambie aushike kama anayepeana mkono na mtu. Kati ya ncha za vidole vyake na kiganja paingie kidole kimoja cha mkono wake wa pili. Pasipoingia kidole, mpini ni mwembamba mno, ataukamua na mkono utamuuma. Vikiingia viwili, punguza mbao. Ndiyo maana nataka kila msichana aje karakana mwenyewe kabla sijabandika mpini. Wengine wao ilikuwa mara yao ya kwanza kusimama kando ya meza ya fundi na kuambiwa kitu kinachotengenezwa ni chao.

Malizia kwa vanishi mara tatu, na ukingoni mara nne, kwa kuwa unyevu wa bahari huingilia ukingoni na kufumua tabaka. Mvuvi mmoja alinishauri nipake sifa, mafuta ya papa, kama wanavyopaka majahazi. Usipake. Mkono unateleza, na harufu haitoki kwenye nguo za shule.

Jambo moja la kuwaambia watoto wakati vanishi inakauka: hata raketi alizoshindia Althea huko Wimbledon zilikuwa za mbao. Zama zile karibu zote zilikuwa za mbao, zimekunjwa na kufumwa nyuzi. Kwa hiyo asiwepo wa kuwaambia wanacheza na kitu cha kimaskini.

Mipira omba hotelini. Karibu kila hoteli yenye uwanja hutupa mipira iliyochoka, na mtunza uwanja ndiye wa kumwomba, sio meneja. Kwa uwanja huu mdogo hata mpira uliochoka huruka mno. Utoboe mara moja kwa sindano nene, uukamue kidogo, udondoshe kutoka begani mwa mtoto: ukirudi kati ya goti na kiuno chake, tosha.

Mazoezi ya mwanzo

Wiki ya kwanza hakuna mchezo. Kila mmoja anadundisha mpira juu ya kibao chake huku akitembea, na anahesabu kwa sauti. Anayefika hamsini bila kuangusha anaingia ukutani. Ukuta uwe umepigwa lipu. Ukuta wa mawe matupu hurudisha mpira popote. Chora mstari wa chaki kwa kimo cha wavu, sentimita 80, naye apige juu ya mstari, kwanza upande wa kiganja, kisha upande wa mgongo wa mkono. Miguu isisimame. Kuanzisha mpira kuwe kwa chini, mkono ukitoka usawa wa goti, mpaka mtoto afike umri wa raketi.

Wiki ya tatu wafundishe kusogea wavuni na kuupiga mpira kabla haujagusa chini. Watu wengi huliacha hili mwisho kwa kuogopa watoto watapigwa usoni, ilhali mpira uliotobolewa hauumizi. Althea alikuwa mrefu, karibu sentimita 180, mwenye pigo zito la kuanzisha, na kazi yake aliimalizia wavuni. Uwanja mdogo wa vibao unazoesha mikono kufanya upesi hivyo hivyo.

Kuhusu mavazi: suruali chini ya gauni linaloishia magotini, hijabu imekazwa kwa pini na haining'inii. Dera halifai, linamkwaza. Nilizungumza na mama zao kabla, na mmoja wao alishona saba kwa siku mbili.

Sasa lile gumu. Utampata msichana mkorofi. Anayetoroka shule, anayetupa kibao akishindwa, anayetaka kumvaa mwenzake. Usimfukuze. Althea alikuwa huyo. Alitoroka shule mno, alirandaranda Harlem, na alipoanza kufundishwa tenisi, akiona anashindwa alitamani kupigana na mpinzani. Mwaka 1940 majirani zake walichangishana fedha ili aingie Cosmopolitan Tennis Club, klabu ya weusi hapo Harlem. Mwanamuziki mmoja, Buddy Walker, alikuwa ameshamnunulia raketi ya mtumba. Klabuni mwalimu wake alikuwa Fred Johnson, mtu mwenye mkono mmoja. Nimewaeleza wasichana wangu habari ya mkono huo mara nyingi kuliko habari ya Malkia. Mwaka uliofuata, 1941, Althea akashinda shindano lake la kwanza, la jimbo la New York, chini ya ATA, chama cha tenisi cha Wamarekani weusi.

Ninachofanya kwa mkorofi ni hiki: nampa kazi ya kuhesabu pointi za wengine. Anaketi kwenye kigoda, ana daftari, na neno lake ndilo la mwisho. Mmoja ambaye majirani walishamkatia tamaa sasa ndiye mwamuzi wetu mkuu, na hajatupa kibao tangu Ramadhani iliyopita.

Zoezi la mvua

Zoezi hili nimelitunga mwenyewe kutokana na siku mbili za maisha ya Althea, na nalipenda kuliko yote.

Mpaka mwaka 1950 alikuwa ameshashinda taji la ATA la wanawake mara kadhaa (hatimaye alilichukua mara kumi mfululizo, kuanzia 1947), lakini mashindano makuu ya Marekani, kule Forest Hills, yalikuwa ya weupe. Mwaka huo akaingia, mweusi wa kwanza, siku chache baada ya kutimiza miaka ishirini na mitatu. Mechi ya kwanza akashinda. Ya pili akapangwa na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon wa wakati ule. Mshindi ni anayechukua seti mbili, na zama zile seti ilichukuliwa na anayefika gemu sita au zaidi akiwa mbele kwa gemu mbili. Seti ya kwanza Brough akashinda 6-1. Ya pili Althea, 6-3. Ya tatu Althea yuko mbele 7-6, bado gemu moja amtoe bingwa, mara mbingu ikapasuka. Radi ikapiga moja ya sanamu za tai za mawe zilizokaa juu ya uwanja, ikaanguka. Mechi ikaahirishwa.

Kesho yake wakarudi. Ilichukua dakika kumi na moja. Brough akachukua gemu tatu mfululizo, 9-7.

Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria usiku ule wa katikati. Mtu amelala, au hakulala, na 7-6 kichwani. Hakuna mazoezi ya ukutani yanayomwandaa mtu kwa usiku huo. Kwa hiyo mara moja kila wiki mbili, mchezo ukiwa umebana, napuliza filimbi na kusema, "Mvua!" Hata jua liwe linawaka. Wanaacha hapo hapo. Mwamuzi anaandika daftarini: nani na nani, gemu ngapi kwa ngapi, nani anaanzisha mpira, nani yuko upande gani. Siku ya pili yake wanaanza pale pale.

Mwanzoni walilia, hasa aliyekuwa mbele. Nikagundua kwamba aliye mbele anarudi kulinda na aliye nyuma anarudi kushambulia, na karibu kila mara aliye nyuma hushinda. Basi nikaanza kumpa kila mmoja swali la kwenda nalo nyumbani: kesho pigo lako la kwanza utalipeleka wapi? Moja tu. Ajibu kabla hatujaanza. Hilo limebadilisha mambo. Anayerudi na jibu haitazami hesabu, anatazama mahali.

Na waambie kilichofuata, wasibaki na dakika kumi na moja. Mwaka 1957 Althea alirudi Forest Hills, akafika fainali, na aliyesimama ng'ambo ya wavu alikuwa Louise Brough yule yule. Althea akashinda 6-3, 6-2. Kati ya mechi hizo mbili ni miaka saba.

Milango

Baadhi ya wasichana watakua kuliko kichochoro. Uwanja wa pima sita hautawatosha, watahitaji ule wa mita 23.77, na raketi za nyuzi. Viwanja hivyo vina wenyewe.

Mahali pa kwanza nilipopeleka wasichana wawili, mmoja wao mjukuu wangu, tulirudishwa getini. Tuliambiwa viwanja ni vya wanachama na wageni, na kwamba watoto hawana mavazi. Nilitembea nao kurudi nyumbani bila neno. Kosa langu lilikuwa kwenda mwenyewe na kubisha.

Althea hakufunguliwa Forest Hills kwa kubisha. Julai 1950 Alice Marble, mwanamke mweupe aliyekuwa bingwa wa Wimbledon mwaka 1939, aliandika barua kwenye jarida la American Lawn Tennis, akiwaambia wakuu wa mchezo waziwazi kwamba kumzuia binti huyu ni aibu yao. Mwezi uliofuata akaingia. Barua yenye nguvu ni ya mtu ambaye tayari yuko ndani.

Kwa hiyo mtafute wa ndani wako. Mimi nilimpata mwalimu mstaafu aliyecheza katika klabu moja kwa muda mrefu. Nilimwalika kichochoroni aone kwanza. Usimwombe mtu barua ya kitu asichokiona. Barua yake ilikuwa ukurasa mmoja: majina ya wasichana, umri, wamecheza muda gani, saa gani uwanja hukaa mtupu, nani atawasimamia, nani atafagia wakimaliza. Hapakuwa na neno la kuombaomba. Tulipewa Jumapili, saa moja asubuhi hadi saa tatu, na tunafagia vizuri kuliko walivyokuwa wakifagia wenyewe.

Raketi ya mtumba ikague hivi: pitisha kucha kwenye fremu nzima ukitafuta ufa, bonyeza nyuzi kwa kiganja, na usiinunue iliyokaa kwenye gari juani. Fedha tunachangishana kama majirani wa Harlem: shilingi ishirini kwa wiki kwa kila nyumba inayoweza, daftari wazi, anayeweka fedha si anayeandika.

Shule mbele. Mzazi akisikia tenisi anadhani binti ataacha vitabu, nami humsomea habari ya mwaka 1946. Althea alishindwa fainali ya ATA mwaka ule, na waliokuwa wakimtazama ni madaktari wawili weusi, Hubert Eaton wa Wilmington, North Carolina, na Walter Johnson wa Lynchburg, Virginia. Waliona kilichomo ndani ya kushindwa kule. Eaton akamchukua nyumbani kwake wakati wa shule, kulikokuwa na uwanja wa tenisi uani. Likizo ya kiangazi akawa kwa Johnson. Sharti lilikuwa arudi sekondari. Alirudi akiwa mkubwa kuliko wenzake darasani, akamaliza 1949, akaingia chuo cha Florida A&M, akahitimu 1953. Akawa mwalimu wa michezo chuo cha Lincoln, Missouri, na alikaribia kuuacha mchezo kabisa. Taji lake kubwa la kwanza, la Ufaransa, lilikuja 1956, ana miaka ishirini na minane. Mzazi anayeniuliza binti yake wa miaka kumi na mitatu atashinda lini, namwonyesha hesabu hiyo kwa kidole.

Na wasichana wakubwa waambie ukweli wa fedha. Wimbledon ya 1957 Althea alishinda, 6-3, 6-2 dhidi ya Darlene Hard, New York ikamwandalia msafara wa mapokezi, na hakupata mshahara wowote wa ushindi, kwa sababu mashindano yale yalikuwa ya ridhaa. Alishinda tena Wimbledon na Marekani mwaka 1958, akaacha. Baadaye alicheza maonyesho ya kulipwa akizunguka na Harlem Globetrotters, timu ya maonyesho ya mpira wa kikapu, na mwaka 1964 akaingia gofu ya kulipwa, mwanamke mweusi wa kwanza huko pia. Mataji makuu kumi na moja kwa jumla, na bado uzeeni, baada ya kiharusi, alikosa fedha za dawa na kodi.

Pea

Aliyemkomboa alikuwa mwenzake wa pea, yaani wa kucheza wawili kwa wawili. Angela Buxton, Mwingereza, Myahudi, naye alikuwa mtu wa pembeni kwenye vilabu vya wakati ule. Mwaka 1956 waliungana, wakashinda pamoja Ufaransa na Wimbledon. Miaka karibu arobaini baadaye Althea alimpigia simu Angela akiwa amekata tamaa. Angela akatuma fedha zake, kisha akawaomba watu wa tenisi duniani, michango ikamiminika kwa barua. Althea aliishi mpaka tarehe 28 Septemba 2003.

Kwa hiyo mimi pea nazipanga kwa uangalifu kuliko kitu chochote kichochoroni. Siwaunganishi marafiki, wala wa nyumba moja. Namchukua aliye peke yake na mwingine aliye peke yake. Wakicheza pamoja, sheria ni moja: mtu akikosa siku mbili, mwenzake wa pea ndiye anayekwenda kwao kupiga hodi. Siendi mimi, wala hapelekwi mtoto mwingine.

Mwaka jana mwanzoni mwa masika msichana wetu mmoja wa Maweni alikosa Alhamisi na Ijumaa. Mwenzake alikwenda na shangazi yake Jumamosi asubuhi, wakamkuta ana homa ya siku tatu, mama yake yuko safarini Mombasa, anauguzwa na kaka wa miaka kumi na mmoja. Shangazi akasimamisha tuktuk, wakaenda hospitali, ikawa malaria. Siku kumi na mbili baadaye alirudi kichochoroni amekonda, kibao mkononi. Kabla ya kuugua alikuwa katikati ya mechi niliyoipigia filimbi ya mvua. Mwamuzi wetu hakuuliza mtu. Alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti: "Nne kwa tatu. Anaanzisha yeye, upande wa ukuta." Wakasimama pale pale, mpira ukapigwa.